Rubani Asiye na Jina: Kuusoma Utenzi wa Camões kutoka Visiwa vya Kirimba

Utangulizi

Utenzi wa Luís de Camões uitwao Os Lusíadas ulipigwa chapa mjini Lisbon mwaka 1572. Tangu hapo Wareno wameuweka mbele ya vitabu vyao vyote vya fasihi, na sisi tuliosomeshwa kwa Kireno tumeukuta shuleni kama mtoto akutavyo mnazi mkongwe uani kwa babu yake: huokota nazi zake bila kuuliza aliyeupanda ni nani. Habari yake kuu ni safari ya Vasco da Gama, iliyoanza Ureno mwaka 1497, ikaizunguka ncha ya kusini ya Afrika, ikapita mwambao wetu na kufika Calicut katika Bara Hindi mwaka 1498. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sura zake za mwanzo hutokea kwetu: katika Kisiwa cha Msumbiji, karibu na Kilwa, Mombasa na Malindi.

Katika mafunzo yangu ya ualimu tulipewa vipande viwili vya utenzi huo, na swali la mtihani likatutaka tueleze ukarimu wa mfalme wa Malindi. Tulieleza, tukapasi. Hakuna aliyetuuliza habari za marubani, yaani watu wa bahari hii walioziongoza merikebu za wageni. Makala haya hayakusudii kumtukana Camões wala kumsifu kupita kiasi. Yanakusudia kulitazama swali lile ambalo halikuulizwa: mshairi amewafanyaje watu walioijua njia?

Fani ya utenzi

Utenzi una sura 10 na beti 1,102. Kila ubeti una mishororo 8, na mshororo huhesabiwa silabi 10. Vina vya mishororo sita ya kwanza hupishana. Miwili ya mwisho hufungana kwa kina chao wenyewe. Mwalimu aliyezoea tenzi zetu za vipande vinne vya mizani 8 ataona tofauti mara moja. Kwetu kina cha kipande cha nne hupita kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, kama kamba ya nazi ishonavyo mbao za mtepe. Kwa Camões kila ubeti hufungwa ukaachwa, kisha mwingine huanza. Hii ni fani ya mtu atakaye kusimama mara kwa mara na kutazama alichokiona, nayo humfaa msafiri.

Msafiri alikuwa kweli. Camões alifika Goa mwaka 1553 akiwa askari. Alipokuwa akirudi kwao alikwama katika Kisiwa cha Msumbiji, na Diogo do Couto, mwandishi wa tarehe za Wareno wa Asia, ameandika kwamba alimkuta hapo akiishi kwa msaada wa rafiki zake huku akiutengeneza utenzi wake. Mambo hayo ni ya miaka ya 1567 hadi 1569. Hivyo mtu huyu aliyeandika juu ya matanga yetu ya mikeka, kanzu za pamba zenye milia na vilemba, alikuwa ameviona kwa macho yake. Hana udhuru wa kutojua.

Jambo jingine la fani ni miungu. Camões aliwachukua miungu wa kale wa Warumi akawatia katika bahari ya Hindi: Bacchus huwachukia Wareno na kuwachochea Waislamu wa pwani, Venus huwapenda na kuwaokoa. Wako wasomaji waliolicheka jambo hilo kwa kuwa mtunzi ni Mkristo. Mimi silicheki. Katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, Bwana Mwengo naye hakuviacha vita vya duniani viwe vya watu peke yao. Malaika Jibrili hushuka na ujumbe. Utenzi wa vita na safari hupenda kuufungua mlango wa mbinguni. Swali la mhakiki si kwa nini mlango umefunguliwa. Swali ni mahali gani mtunzi ameuweka, na nini kimefichwa nyuma yake.

Daftari la safari

Kulijibu swali hilo kwahitaji kitabu cha pili. Mmoja wa watu wa merikebu za da Gama aliandika daftari la safari siku kwa siku. Jina lake halikuandikwa, ingawa wengi humdhani kuwa Álvaro Velho. Daftari hilo lilipigwa chapa kwa mara ya kwanza Porto mwaka 1838, na mwaka 2013 UNESCO ililiingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Lugha yake ni kavu, ya mtu ahesabuye siku, upepo na maji ya kunywa. Huo ndio uzuri wake kwetu. Mwandishi huyu hana haja ya kupendeza, kwa hiyo husema hata yale ambayo bwana mkubwa angependa yanyamaziwe.

Tuchukue mambo manne, tulinganishe daftari na utenzi.

Jambo la kwanza ni mjeledi. Katika Kisiwa cha Msumbiji, mwezi wa Machi 1498, da Gama aliwapata marubani wawili, na daftari lataja ujira wao: mithkali 30 za dhahabu na nguo mbili kwa kila mmoja. Lataja pia kwamba mabaharia wa pwani hiyo walikuwa na dira, vipimo vya nyota na ramani za bahari. Baadaye urafiki ukavunjika, mizinga ikalia. Tarehe 1 Aprili merikebu zilifika kwenye visiwa vilivyo karibu na bara, ndivyo visiwa vyetu vya Kirimba. Rubani akasema ni bara. Da Gama alipoona kwamba ni visiwa aliamuru apigwe mijeledi, na kisiwa cha kwanza Wareno wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa.

Katika utenzi, rubani wa Msumbiji ni mwongo tangu mwanzo, kwa kuwa Bacchus amemtia hila. Huwaambia Wareno kwamba Kilwa kuna Wakristo, nia yake wakaangamizwe huko. Venus huigeuza pepo, na merikebu huipita Kilwa zikiwa salama. Mjeledi haumo. Kisiwa hakimo. Tena yule aliyezipitisha merikebu Kilwa si Venus. Daftari lasema walikwisha kuipita walipotaka kurudi, na upepo ukawakatalia kutwa nzima. Kila mvuvi wa hapa ajua mkondo uendao kaskazini una nguvu gani.

Jioni moja hapa Rongui niliwasomea wavuvi kipande hicho cha daftari, nikikitafsiri kwa mdomo. Alikuwapo mzee mmoja, nahodha wa mashua tangu ujana wake. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

"Mwalimu, huyo aliyechapwa, jina lake nani?"

"Hakutajwa, mzee wangu."

"Na aliyemchapisha?"

"Huyo ametajwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kisiwa ukikitazama kutoka bahari kuu, na bara iko nyuma yake, huuoni mlango. Mlango huonekana ukishaufikia. Labda mtu yule hakusema uongo."

Nimesoma maelezo mengi ya Os Lusíadas, na sikupata mhakiki aliyenionyesha jambo hilo. Tuongeze la lugha: maneno ya rubani yalimfikia da Gama kwa mkalimani wa Kiarabu, na kwa Kiarabu neno jazira laweza kuwa kisiwa, laweza pia kuwa rasi iliyoshikana na bara. Yamkini alidanganya, yamkini alikosea, yamkini alifahamika vibaya. Daftari lilichagua moja, mjeledi ukalithibitisha, na utenzi ukalifanya kuwa tabia ya watu wa pwani nzima.

Jambo la pili ni mafuta. Mjini Mombasa, merikebu zilipogusana na nanga zikatiwa upya, marubani waliruka majini wakakimbia. Camões analo hilo, naye amelieleza kwa ustadi: Venus na nymphs wa baharini huisukuma merikebu kwa vifua vyao isiingie bandarini, Wareno hupiga kelele, na Waislamu huruka kwa hofu. Usiku unaofuata, katika utenzi, Mercury humjia da Gama ndotoni akamwonya aondoke. Katika daftari, usiku huo maonyo yalitoka kwa watu wawili waliosalia katika merikebu. Da Gama aliwahoji kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini mpaka wakasema kuna hila. Walipotaka kuwarudia, mmoja alijitupa baharini mikono ikiwa imefungwa, na mwenzake akafanya vivyo hivyo kabla ya kupambazuka. Msomaji alinganishe mwenyewe. Panapostahili mafuta pamewekwa ndoto.

Jambo la tatu ni mateka wa Malindi. Mfalme wa Malindi ndiye Mswahili anayesifiwa sana katika utenzi, nasi ndiye tuliyeulizwa mtihanini. Lakini ana kazi gani humo? Yeye ni sikio. Humwomba da Gama asimulie habari za nchi yake, na sura ya 3, ya 4 na ya 5 zote ni jibu la da Gama: wafalme wa Ureno, vita vyao, mapenzi yao, safari yao. Sura 3 kati ya 10 mfalme hukaa akisikiliza historia ya watu wengine. Ya Malindi hakuna anayemwuliza. Daftari, kinyume chake, lina macho: lamwonyesha mfalme akija kwa chombo, amekaa kwenye kiti cha shaba chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, mzee mmoja amemshikia upanga wenye ala ya fedha, na wapigaji wakivuma pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, urefu wake kama mtu, zenye tundu ubavuni. Sisi twazijua pembe hizo: ni siwa. Askari mwandishi alizistaajabia na kuzieleza, bila kujua jina lake.

Katika utenzi mfalme huyo hutoa rubani kwa moyo mweupe. Katika daftari, siku mbili zilipita bila mgeni kupanda merikebuni. Tarehe 22 Aprili alipokuja mtu wa karibu wa mfalme, da Gama alimkamata, akapeleka habari kwamba anataka marubani alioahidiwa. Rubani akaletwa, na mtu yule akaachiliwa. Sisemi kwamba mfalme hakuwa mkarimu. Nasema ukarimu wake ulisukumwa, na aliyeusukuma ndiye shujaa wa utenzi.

Jambo la nne ni msimu. Da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili pamoja na rubani huyo, kusi lilipokuwa linaanza, akaiona nchi ya Hindi tarehe 18 Mei. Alivuka kwa siku 23. Aliporudi hakungoja kaskazi isimame. Aliondoka tarehe 5 Oktoba 1498, akaiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Miezi mitatu kasoro siku chache katika bahari ile ile. Na daftari lasema watu 30 walikufa kwa kiseyeye katika kuvuka huko. Camões hakukificha kiseyeye kabisa. Amekieleza kwa huzuni katika safari ya kwenda. Lakini ya kurudi ameipa jambo jingine: Kisiwa cha Mapenzi, ambacho Venus amekiandaa ili mabaharia wapumzike na nymphs, na da Gama aonyeshwe mashine ya ulimwengu na nchi zote ambazo Wareno watazifikia, hadi Malaka, Uchina na Japani. Kisiwa cha Aliyechapwa, kilichokuwapo, hakimo katika utenzi. Kisiwa cha Mapenzi, ambacho hakikuwapo, kimepewa nafasi kubwa ya sura ya 9 na ya 10.

Hapo ndipo ninapoona mtindo wa Camões. Mwambaoni kwetu miungu wake huja mara kwa mara mahali pale pale: palipo na jeuri ya nahodha mkuu au maarifa ya bahari ya wenyeji. Wakishafika, jeuri haionekani, na maarifa hayana mwenyewe.

Mwalimu aliyeivuka bahari

Rubani wa Malindi naye hana jina katika utenzi. Huitwa kwa mji wake tu. Nje ya utenzi majina ni mengi kupita kiasi. Daftari humwita Mkristo, lakini Wareno wale waliwadhania Mabaniani kuwa Wakristo. Castanheda na João de Barros humfanya mtu wa Gujarati. Barros, katika kitabu chake cha mwaka 1552 juu ya Asia, aeleza kwamba mtu huyo alimwonyesha da Gama ramani ya pwani ya Hindi iliyopigwa mistari, na kwamba alipoonyeshwa kipimo cha jua cha Wareno hakustaajabu hata kidogo, bali alieleza vipimo vyao wenyewe.

Vitabu vingi vya shule husema rubani huyo ni Ahmad bin Majid, bingwa wa elimu ya bahari aliyezaliwa Julfar. Fikra hiyo hutegemea mwandishi wa Makka wa karne ya 16, al-Nahrawali, na ilienezwa na mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand katika miaka ya 1920. Wachunguzi wa baadaye wameitilia shaka kubwa, kwa kuwa haiafikiani na vitabu vya Kireno vilivyo karibu zaidi na tukio. Nawasihi walimu wenzangu tusiifundishe kama jambo lililothibitika.

Barros humwita mtu huyo Malemo Caná. Sisi wa Kiswahili tuna haki ya kusimama kwenye jina hilo. Malemo ni muallim wa Kiarabu, ndiye mwalimu wetu. Katika vyombo vya bahari ya Hindi mwalimu ndiye ashikaye njia: asomaye nyota, apimaye kina, ajuaye siku ya kung'oa nanga. Caná nalo hufasiriwa kuwa jina la Kihindi la mnajimu. Kwa hiyo hata palipoandikwa jina, hapakuandikwa jina. Imeandikwa kazi mara mbili.

Maneno yaliyobaki

Baina ya pande mbili hizo mabadilishano yalikuwapo, na lugha imeyahifadhi bila upendeleo. Kutoka Kireno tumepata meza, bendera, mvinyo, leso na kasha. Karata zenyewe na majina yake, kopa, uru, shupaza na pao. Gereza lilikuwa igreja, kanisa. Neno lilivyohama kutoka nyumba ya ibada hadi nyumba ya kufungia watu ni somo zima la historia. Jina Mreno latokana na reino, ufalme, neno walilojiitia wenyewe. Nao walichukua. Mkulima wa Msumbiji asemapo Kireno huliita shamba lake machamba, ndiyo mashamba yetu. Na monção, upepo wa majira uliomfikisha da Gama Calicut, ni mawsim ya Waarabu, ndugu wa baba mmoja na msimu wetu. Aliyesema upepo ule ni wa Venus alikuwa na neno la kweli katika lugha yake.

Darasani

Je, tuuache utenzi huu? La. Camões ni mtunzi mkubwa, na mhakiki mwadilifu lazima akumbuke kwamba katika sura ya 4 amemsimamisha mzee ufukoni Lisbon, akailaani safari nzima kuwa ni uchu wa sifa na mali. Alijua kuipa shaka sauti. Upungufu wake ni kwamba sauti hiyo aliipa mzee wa kwao tu. Mzee wa kwetu hakupewa.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wasomewe kipande cha Mombasa katika utenzi, kisha siku zile zile katika daftari, na waulizwe: nani ametoweka? Pili, wapewe orodha ya maneno niliyoyataja, wayatafute majumbani kwao, wakiuliza kila neno limeingia kwa mlango gani. Tatu, waende ufukoni. Mwezi wa Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu wengi walikimbilia Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, kwa bahari, na miongoni mwao wako waliochukuliwa na mashua za pwani hii. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja aliyewahi kushika usukani, aandike jina lake, la baba yake, la chombo chake, na njia anazozijua.

Wenzangu walio Kilwa, Mombasa na Malindi wana mambo ambayo mimi wa Rongui siwezi kuyaona kutoka hapa. Waniandikie katika jarida hili, wanisahihishe nilipokosea. Yule nahodha mzee jina lake nimekwisha kuliandika katika daftari langu la darasa, ukurasa wa kwanza. Ameniomba nimsomee tena kile kipande cha visiwa.